Chini ya kila barua kuna KM/zh. Wanaojua taipureta za zamani, naomba msaada

KisandukuChaChuma

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wenzangu.

Nimerithi taipureta ya marehemu mama mkubwa. Alipiga taipu ofisini maisha yake yote, na mimi nilichokuwa nakiona ni yeye kurudi jioni akijikanda kidole kimoja kimoja. Mashine imo ndani ya sanduku lake la chuma, pamoja na faili nene la nakala za barua kwenye zile karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu.

Nina mambo manne yananisumbua. Mashine haina namba 1. Nimetazama mstari wote wa juu, unaanza na 2. Halafu herufi kubwa zote zinapanda juu kidogo ya mstari, sijui ndiyo uzee. Tatu, kila nakala ina KM/zh chini kushoto. Nilidhani ni namba ya faili, ila barua za mambo tofauti kabisa zina alama hiyohiyo.

La nne ni ubishi wa nyumbani. Binamu yangu anasema kazi yenyewe ilikuwa kunakili tu, mashine ndiyo iliyofanya kazi. Sikuwa na jibu, nikakasirika bila hoja.

Mpenda_Mkato

Moja unaandika kwa l ndogo. KM/zh ni msimbo wa faili, achana nao. Binamu yuko sahihi. Uza chuma hicho.

Vidole_Kumi

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa. Usiuze. Nimepiga taipu miaka 31, nimeanza 1974, kwa hiyo uniwie radhi nikirefusha.

Naanza na hilo la tatu. Si msimbo wa faili, kaka Mkato. KM ni aliyeisema barua, zh ni aliyeipiga. Bosi anapewa herufi kubwa, mpiga taipu ndogo, mkwaju (/) katikati. Barua ikirudi na kosa ajulikane wa kuitwa. Ikisifiwa, macho yanaishia kwenye sahihi. Mimi nilikuwa /rs. Karatasi nilizopiga zingejaza chumba, na jina langu humo halimo hata mara moja, ni rs, rs, rs. Kwa hiyo zh ndiye mama yako mkubwa.

Namba 1: ni kweli, unapiga l ndogo. Watengenezaji waliona zinafanana wakaokoa kitufe. Zipo mashine zisizo na sifuri pia, unapiga O kubwa. Hata alama ya mshangao tuliiunda wenyewe: unapiga ile koma ya juu, unarudi nyuma hatua moja, unaweka nukta chini yake. Ndiyo maana barua za zamani hazipigi kelele ovyo. Mazoea haya yalinitia aibu kompyuta zilipokuja. Nilipiga jedwali zima la hesabu, namba zimenyooka safi, lakini jumla ikagoma. Kijana wa kompyuta akahangaika nusu saa kabla hajagundua kwamba moja zangu zote zilikuwa herufi l.

Sasa huyo binamu.

Mpe karatasi tupu na mwambie aandike TAARIFA YA MWAKA katikati kabisa. Leo unabonyeza mara moja. Sisi tulipeleka keriji, ile sehemu ya juu inayobeba karatasi na kutembea kushoto na kulia, hadi katikati ya karatasi, kisha tukasoma kichwa cha habari moyoni kwa jozi, kila jozi ukirudi nyuma hatua moja: TA, AR, IF, A-na-nafasi, YA, nafasi-na-M, WA, KA. Hatua nane. Hapo ndipo unapoanza kupiga, na kichwa kinakaa katikati. Jedwali la safu sita? Unahesabu neno refu kuliko yote katika kila safu, unajumlisha, unatoa kwenye upana wa karatasi, kinachobaki unakigawa kuwa mianya, ndipo unapanga vituo vya keriji kusimama. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa na herufi kumi kwa inchi, na mistari sita kwa inchi kwenda chini. Karatasi ya A4 inachukua mistari 70 kutoka ukingo hadi ukingo. Nilikuwa nikiitazama rasimu ya mkono, nachora kwa macho itaishia wapi. Barua ikiangukia mistari miwili ukurasa wa pili ni aibu yako, hata kama bosi ndiye aliyeongeza maneno.

Halafu kaboni, ile karatasi yenye wino upande mmoja inayotoa nakala. Wiki yangu ya pili kazini nilipewa barua ya kurasa tatu, nakala tano. Unapanga karatasi, kaboni, karatasi, kaboni, unazigonga mezani zilingane, unazisokota kwenye rola pamoja. Nikapiga ukurasa wa kwanza bila kosa hata moja, najisikia malkia. Nilipoutoa, nakala ya kwanza ilikuwa nyeupe pee, na mgongo wa barua yenyewe umejaa maneno yaliyogeuka, kama unayasoma kwenye kioo. Kaboni moja nilikuwa nimeiweka kichwangomba. Mkubwa wetu wa chumba hakusema neno. Alinisogezea tu karatasi mpya sita.

Na ukikosea herufi? Kosa moja kwenye nakala tano ni makosa sita. Unasukuma keriji pembeni kabisa ili unga wa raba usidondokee kwenye mashine. Unapachika vipande vya karatasi nyuma ya kila kaboni, usije ukafuta juu huku unachafua chini. Unasugua ya kwanza, unapuliza, unakwenda ya pili, hadi ya sita. Kwenye karatasi nzuri tulitumia ncha ya wembe, unakwangua wino tu bila kutoboa. Kisha unarudi, unalenga palepale, unapiga herufi sahihi kwa nguvu ileile uliyopigia jirani zake, la sivyo inaonekana kama jino la dhahabu.

Wino mweupe wa kufutia ulikuwa mkombozi, na aliyeufikiria alikuwa mwenzetu: Bette Nesmith Graham, katibu muhtasi wa Dallas, Marekani. Miaka ya 1950 mashine za umeme zilikuja na tepe za wino ambazo ukisugua kwa raba zinachafua karatasi badala ya kufutika. Aliwaona wachoraji wa madirisha wakikosea wanapaka juu tu, hawafuti. Akachanganya rangi nyeupe kwenye chupa ndogo, akaenda nayo kazini. Mwaka 1979 kampuni aliyoijenga kwa chupa hiyo iliuzwa kwa Gillette kwa dola milioni 47.5. Kila nikiwaza hizo fedha nacheka peke yangu, maana sote kwenye chumba chetu tulikuwa na raba.

Juu ya yote hayo kuna imla. Bosi anatembea huku na huku anasema, wewe unaandika kwa hati mkato. Anasema "mwambie hatuwezi, ila kwa lugha nzuri". Hiyo lugha nzuri nani aliitunga? Sentensi isiyo na kitenzi nani aliipatia kitenzi? Nilikuwa na mmoja aliyekuwa akianza kila barua kwa "kama unavyojua" hata kwa mtu asiyejua chochote. Nilimwondolea maneno hayo kimyakimya kwa miaka tisa na hakuwahi kuuliza yamekwenda wapi.

Na historia nayo nitaigusa. Christopher Latham Sholes, mtu wa magazeti wa Milwaukee, na wenzake Glidden na Soule walipata hataza yao mwaka 1868. Mashine ikaenda kuundwa na Remington, watengenezaji wa bunduki na cherehani, ikaingia sokoni 1874 ikiwa na maua yaliyochorwa kwenye chuma na kikanyagio cha mguu, cherehani mtupu. Iliandika herufi kubwa tu. Ndogo zilikuja na Remington ya pili, 1878. Tena vijinyundo vyenye herufi viligonga kutoka chini ya rola, kwa hiyo ulichoandika hukioni mpaka uinue keriji. Wenzetu walifanya kazi hivyo, wakiandika gizani, hadi mashine za kuonyesha maandishi kama Underwood ziliposhika soko miaka ya 1890 kwenda mbele.

Kabla ya hapo karani alikuwa mwanaume. Mwaka 1881 YWCA, chama cha wanawake Wakristo, cha New York kilianza kuwafundisha wanawake kupiga taipu, na watu wakanong'ona kwamba mwili wa mwanamke hautahimili. Kufikia 1910 karibu wanne kati ya kila watano wa kazi hii Marekani walikuwa wanawake. Kwa Kiingereza neno moja, typewriter, lilimaanisha mashine na mwanamke anayeikalia, yaani ukisema umenunua au umeajiri, mtu lazima auhukumu muktadha. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza sikucheka sana.

Haya ya kupiga bila kutazama vitufe nayo yana siku yake. Julai 25, 1888, Cincinnati, karani wa mahakama aitwaye Frank McGurrin alishindana na Louis Traub. McGurrin alikuwa amekariri kitufe kila mahali pake, macho yake hayatoki kwenye rasimu. Traub mashine yake ilikuwa na vitufe vya herufi ndogo peke yake na vya herufi kubwa peke yake, na macho yalimtangatanga. McGurrin alimwacha mbali. Sisi mwalimu alitufunika mikono kwa kitambaa na kutupigia muziki, vidole vikirudia vitufe vya mstari wa kati, asdf ;lkj, asdf ;lkj, hadi nikaota nazo.

Na hapa nitasema ninalolijua kwa kidole changu. Ule mpangilio wa vitufe haukupangwa kwa ajili ya Kiswahili. A ndiyo herufi inayojirudia kwetu kuliko zote. Chukua "nitakapowaandikia" uhesabu: a tano. A yote hiyo imepewa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote, na kwenye mashine ya mkono kila herufi ni kishindo cha kidole chako mwenyewe. Q na X zimekaa bure zinakula vumbi. Kapime, nina hakika kwenye zile nakala a zimepauka kuliko herufi nyingine. Ukiziona zimekolea sawa na wenzake, mama yako mkubwa alikuwa fundi wa fundi.

Katika kupima kasi, neno lilihesabiwa kwa mapigo matano, nafasi ikiwemo. Kwa kipimo hicho "nitakapowaandikia" na nafasi yake ni mapigo 18, zaidi ya maneno matatu. Usimwambie binamu.

Fundi_Skrubu

Mama umemaliza kila kitu, mimi nijibu la pili lililorukwa.

Kila kijinyundo kina herufi mbili kichwani, ndogo na kubwa. Ukibonyeza kitufe cha herufi kubwa, kuna mashine ambazo keriji yote inainuka, na nyingine ambazo kapu zima la vijinyundo linashuka. Ni safari fupi sana, na inasimamishwa na skrubu za kikomo. Herufi kubwa zote zikipanda kwa kiasi kilekile, kikomo kimehama. Si uzee wa herufi. Tafuta skrubu mbili zenye nati ya kufungia, kushoto na kulia, zungusha robo tu, piga HhHhHh, tazama. Usizungushe moja ukaisahau ya pili, maana mstari utalala.

Na tafadhali usiimiminie mafuta! Kila mtu huanza na mafuta. Yanashikana na vumbi yanakuwa gundi, vijinyundo vinabaki juu vinapiga soga. Brashi ngumu na spiriti kidogo kwenye nyuso za herufi, hasa e, a na o, ndimo uchafu unamojificha.

Kuhusu mpangilio wa herufi, nijuavyo uliwekwa hivyo makusudi ili kuwachelewesha wapigaji, vyuma visigongane.

Vidole_Kumi

Asante fundi. Hilo la kuchelewesha nimelisikia tangu chuoni na sijawahi kulimeza. Kutenganisha vyuma vinavyofuatana ili visigongane ni jambo moja, kumchelewesha mtu ni jingine, maana visipogongana unakwenda mbio zaidi. Na hata hilo la kutenganisha lina tundu: tazama e na r, zimekaa bega kwa bega, na Kiingereza kimejaa er kila kona. Sholes na wenzake walianza na vitufe vilivyokaribia kupangwa kama abjadi, kama kinanda, wakavihamisha kidogokidogo kwa miaka. Ni kazi ya viraka. August Dvorak alileta mpangilio wake ulio nadhifu zaidi mwaka 1936, lakini vidole vya watu vilikuwa vimeshazoea mwingine.

Mimi mwenyewe nilishindwa na jambo dogo kuliko hilo. Ofisi ilileta ile Selectric ya IBM, iliyotoka 1961, yenye kijimpira kilichobeba herufi zote badala ya vijinyundo. Keriji haitembei, mpira ndio unaotembea. Kwa mwezi mzima kila mwisho wa mstari mkono wangu wa kushoto uliruka juu kusukuma wenzo usiokuwepo. Nilimwaga chai mara mbili.

Mpenda_Mkato

Nimesoma yote. Msimbo wa faili naondoa.

KisandukuChaChuma

Shikamoo tena mama, na asante fundi. Robo mzunguko imetosha, HhHhHh zimesimama mstari mmoja.

Nimekaa na faili siku mbili. Nimetazama zile a kwa kioo cha kukuzia. Zimekolea sawa na jirani zake, isipokuwa kwenye barua za miaka ya mwisho, hapo zinaanza kupauka na mwisho kabisa nyingine ni kivuli tu. Nimekumbuka kidole alichokuwa anakikanda sana.

Kuna jambo nimelikuta ndilo limenirudisha. Nakala zote ni KM/zh, isipokuwa moja. Hiyo chini imeandikwa ZH/zh. Ni kosa?

Vidole_Kumi

Mwanangu, hilo si kosa. Aliyeisema na aliyeipiga ni mtu mmoja. Hiyo aliitunga mwenyewe.

Mimi sikuwahi kuthubutu. Inasema nini?

KisandukuChaChuma

Ni fupi, mistari kumi na moja. Imekaa katikati ya karatasi kabisa, nimeipima kwa rula juu na chini. Anaomba kiti chenye mgongo. Anasema anachokalia ni stuli na ameikalia miaka saba.

Fundi_Skrubu

Walimpa?

KisandukuChaChuma

Jibu limo, ndiyo karatasi inayofuata kwenye faili. "Ombi lako limepokelewa na linafanyiwa kazi." Mashine ni ileile, herufi kubwa bado hazijapanda. Nimetazama chini kushoto. KM/zh.